Punguza Sahani, Ongeza Hatua

Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo watu wengi wa pwani yetu hawapendi kulisema wazi. Jambo hilo ni unene uliozidi.

Hapa Kilwa na Lindi mtu akinenepa tunamsifu. Tunasema amenawiri. Tunasema mambo yake ni mazuri. Mtu akipungua tunamwonea huruma. Wengine huanza kunong'ona kwamba ana ugonjwa mkubwa, au nyumbani kwake hakuna raha. Kwa hiyo watu huogopa kupungua, hata kama mwili unawalemea.

Hatuandiki habari hii ili kuwacheka watu wanene. Unene si aibu wala si kosa. Tunaandika kwa sababu unene uliozidi hufungua mlango kwa magonjwa. Magonjwa hayo ni shinikizo la damu, kisukari, ugonjwa wa moyo, kiharusi na maumivu ya magoti.

Magonjwa haya huja polepole, bila kupiga hodi. Mwenye kisukari asipotibiwa anaweza kupoteza mguu au kupofuka. Mwenye shinikizo la damu anaweza kulala mzima, akaamka upande mmoja wa mwili hauna nguvu. Je, siku hiyo nani atapalilia mikorosho? Nani atawalipia watoto mahitaji ya shule? Ugonjwa wa mtu mmoja huwa mzigo wa nyumba nzima.

MAMBO YAMEBADILIKA

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1973. Mwaka huo Serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, kisha wakachimba vyoo. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Wakati ule tulipigana na malaria, kuhara na utapiamlo. Maadui hao bado wapo. Lakini sasa wameongezeka wengine.

Tazama hesabu hii. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2004 hadi 2005 uliwapima wanawake wa miaka 15 hadi 49. Kati ya kila wanawake 100, wanawake 18 walikuwa na uzito uliozidi. Uchunguzi wa mwaka 2015 hadi 2016 ulikuta wamefika 28.

Mwaka 2012 walipimwa watu wazima wa miaka 25 hadi 64, wanawake na wanaume. Kati ya kila watu 100, karibu 9 walikuwa na kisukari. Karibu 26 walikuwa na shinikizo la damu.

Kwa nini imekuwa hivi? Tuangalie maisha yetu wenyewe. Zamani tulikwenda shambani kwa miguu. Mto Rufiji tulivuka kwa kivuko. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa likafunguliwa. Barabara ikatengenezwa. Sasa mizigo ya sukari, soda, unga wa ngano na mafuta ya kula hufika hadi vijijini. Bodaboda humchukua mtu mlangoni kwake. Msimu wa korosho au ufuta ukiwa mzuri, fedha zipo za kununua vitu hivyo.

Hatusemi kwamba barabara ni mbaya. Barabara ni maendeleo. Humfikisha mgonjwa hospitali upesi. Lakini mwili wetu sasa unapokea zaidi na kufanya kazi kidogo. Kinachobaki hugeuka mafuta, nayo hukaa tumboni na kiunoni.

Watafiti walilithibitisha jambo hili hapa hapa Tanzania. Waliwafuatilia watu 209 waliohama kutoka vijiji vya Morogoro kwenda kuishi Dar es Salaam. Matokeo yalitolewa mwaka 2010. Baada ya mwaka mmoja tu, wastani wa uzito wao ulikuwa umeongezeka kwa zaidi ya kilo 2. Wengi walikuwa wameacha kazi nzito walizozifanya kijijini. Leo hata asiyehama anaweza kupata mambo hayo, kwa sababu mji umemfuata kijijini.

JE, WEWE UMEZIDI?

Unaweza kujipima nyumbani kwa uzi. Chukua uzi mrefu. Simama wima, bila viatu. Mwenzako apime urefu wako kuanzia kisigino hadi utosini. Akate uzi hapo. Sasa kunja uzi huo mara mbili, uwe nusu. Zungusha nusu hiyo tumboni, juu kidogo ya kitovu. Usivute tumbo ndani. Kama ncha za uzi zinakutana, ni vizuri. Kama hazikutani, mafuta ya tumboni yamezidi. Nenda zahanati ukapimwe uzito, shinikizo la damu na sukari.

Kipimo hiki si cha mama mjamzito.

CHAKULA NI KUNI ZA MWILI

Kabla ya kueleza namna ya kupungua, tuelewe jambo moja. Chakula ni kama kuni. Mwili huchoma chakula ili kupata nguvu ya kupumua, kutembea na kufanya kazi. Wataalamu hupima nguvu hiyo kwa kipimo kiitwacho kalori. Sisi hupima unga kwa kilo na nguo kwa mita. Wao hupima nguvu ya chakula kwa kalori.

Vyakula havilingani. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kula kina kalori karibu 120. Chupa moja ya soda ina kalori karibu 140. Konzi moja ya korosho ina kalori karibu 170. Lakini sahani nzima ya mchicha uliochemshwa haifiki hata 100. Mtu anaweza kushiba mboga na asinenepe. Tena anaweza kunywa soda tatu, asishibe, lakini akanenepa.

Ukila kalori nyingi kuliko unazotumia, unanenepa. Ukila chache kuliko unazotumia, unapungua. Hakuna uchawi. Vidonge na chai zinazouzwa mitaani kwamba "huyeyusha tumbo" si za kuamini. Usinunue.

MAMA MUUZA MAANDAZI

Sasa tumchukue mama mmoja wa mfano. Mama huyu tumemtunga sisi. Lakini, ndugu msomaji, huenda unamfahamu mtu kama yeye.

Mama huyu anakaa Kilwa Kivinje. Ana miaka 45. Anauza maandazi na chai. Urefu wake ni mita 1.60, na uzito wake ni kilo 82. Siku moja alikwenda zahanati kwa sababu ya maumivu ya magoti.

"Shikamoo, mama," alisema muuguzi kijana.

"Marahaba, mwanangu. Magoti haya yananiua."

Muuguzi akampima. Kisha akasema, "Mama, magoti yako yanabeba mzigo mkubwa. Na shinikizo la damu limepanda kidogo. Ukipunguza kilo chache tu, utapata nafuu."

Mama akaenda nyumbani akifikiri. Akaamua kutembea. Kila jioni alitembea saa nzima ufukweni pamoja na jirani yake. Akirudi alikuwa na njaa. Akanywa chai ya sukari na maandazi mawili makubwa. Baada ya mwezi alijipima. Uzito ulikuwa ule ule!

Kwa nini? Mwanamke wa uzito wake akitembea saa moja hutumia kalori karibu 200 zaidi ya zile ambazo angetumia akiwa amekaa. Maandazi mawili makubwa huzirudisha zote, pengine na zaidi. Miguu ilitoa, mdomo ukarudisha.

Liko funzo lingine kutoka kwa ndugu zetu Wahadzabe, wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi. Hao huwinda, huchimba mizizi na kuchuma matunda. Watafiti waliwapima na kutoa matokeo mwaka 2012. Kwa siku, wanaume walitembea karibu kilomita 11, na wanawake karibu kilomita 6. Lakini watafiti walishangaa. Ukilinganisha watu wenye miili ya ukubwa sawa, Wahadzabe walitumia kalori sawa na watu wa Marekani na Ulaya ambao hukaa sana. Mwili hujua kubana matumizi. Kwa hiyo usitegemee miguu peke yake ikuondolee uzito wote. Chakula pia kina sehemu yake.

Mama yetu akakata tamaa na kutembea. Akaamua kujinyima chakula. Asubuhi alikunywa maji tu. Mchana hakula. Usiku alikunywa uji kidogo. Katika wiki tatu alipungua kilo 3. Alifurahi. Lakini aliona kizunguzungu. Miguu ilikosa nguvu. Aliwagombeza wanawe bila sababu. Kisha ikaja harusi ya mpwa wake. Akala pilau, akala tena. Kutoka siku hiyo hakuweza kujizuia. Baada ya miezi miwili zile kilo 3 zilikuwa zimerudi.

Kwa nini? Mtu akijinyima bila kufanya mazoezi, mwili hauchomi mafuta peke yake. Huchoma pia misuli, yaani ile nyama ya mikono na mapaja inayotupa nguvu. Tena njaa kali humshinda mtu yeyote. Si kwamba mama huyu ni mlafi. Njia aliyochagua ndiyo mbaya.

Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Wavuvi wetu pia wanajua kwamba ukipiga kasia upande mmoja tu, mtumbwi huzunguka pale pale. Kupungua kunataka makasia mawili. Kasia la kwanza ni chakula. Hilo ndilo huondoa kilo nyingi. Kasia la pili ni mazoezi. Hilo huilinda misuli, huimarisha moyo, na husaidia kilo zilizoondoka zisirudi.

KASIA LA KWANZA: SAHANI

Mama alirudi zahanati. Muuguzi akamwuliza, "Mama, siku nzima unakula nini?"

Mama akataja. Muuguzi akauliza tena, "Na yale maandazi yanayovunjika?"

Mama akacheka. "Yale nakula mimi, mwanangu. Matatu, manne kwa siku. Hayo sikuyahesabu."

Hapo ndipo siri ilipokuwa. Chakula kinachonenepesha si lazima kiwe kile cha sahani. Mara nyingi ni kile cha kuonja, cha kunywa, na cha kumalizia mabaki ya watoto.

Walipatana mambo haya:

1. Sahani igawanywe kwa macho. Nusu iwe mboga, kama mchicha, matembele, kisamvu, bamia au mlenda. Robo iwe samaki, kunde, choroko au mbaazi. Robo iwe ugali, wali au muhogo.

2. Chai iwe na kijiko kimoja cha sukari badala ya vitatu. Baadaye iwe bila sukari. Soda iwe ya sikukuu. Kiu iondolewe kwa maji.

3. Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye chupa. Samaki achomwe au achemshwe, badala ya kukaangwa kila siku.

4. Nazi isiachwe, kwa sababu chakula cha pwani bila nazi hakipendezi. Lakini tui zito lisiwe la kila mlo. Mboga za majani nyingine zichemshwe kwa nyanya, kitunguu na ndimu.

5. Maandazi yaliyovunjika yauzwe kwa bei ndogo.

Angalia hesabu. Maandazi matatu ya kawaida yalikuwa na kalori karibu 450. Vijiko sita vya sukari vilikuwa na kalori karibu 100. Jumla ni 550 kwa siku. Mama aliacha kalori hizo bila kukosa mlo hata mmoja.

KASIA LA PILI: HATUA

Shirika la Afya Duniani hushauri watu wazima wafanye mazoezi ya kiasi kwa dakika 150 au zaidi kila wiki. Hizo ni dakika 30 kwa siku, siku 5 za wiki.

Mazoezi ya kiasi ni yapi? Tembea kwa haraka mpaka uhema kidogo. Ukiweza kuongea na mwenzako lakini huwezi kuimba, mwendo huo ni mzuri. Hakuna haja ya kununua viatu vya bei kubwa wala kwenda mjini. Maji yakipwa, mchanga ni mgumu na uwanja ni mpana. Shuka kwenye bodaboda kabla hujafika, umalizie kwa miguu. Lima kwa jembe. Cheza ngoma. Yote hayo ni mazoezi.

Mtu anayelima kwa jembe kutwa nzima tayari anafanya mazoezi ya kutosha. Maneno haya tunawaambia hasa wanaokaa: wenye maduka, wapishi wa kuuza vyakula, mafundi cherehani, madereva wa bodaboda, watumishi wa ofisini, na wazee waliopumzika.

Siku mbili za wiki fanya pia kazi ya kutia misuli nguvu. Kaa juu ya kiti na usimame bila kushika kitu, mara 10. Pumzika, kisha rudia. Nyanyua ndoo yenye maji kidogo.

Usianze kwa pupa. Wiki ya kwanza tembea dakika 10. Wiki ya pili 15. Endelea hivyo.

MATOKEO YAKE

Tuseme mama yetu alifuata makasia yote mawili kwa miezi sita. Hapo mwanzo alipungua karibu nusu kilo kwa wiki. Baadaye mwendo ukawa wa polepole, na hilo ni jambo la kawaida. Kutoka kilo 82 alifika kilo 76.

Bado ni mnene. Hakuwa msichana wa miaka 18. Je, kilo 6 ni kitu? Ni kitu kikubwa. Tazama mfano wa kweli.

Nchini Marekani walichaguliwa watu 3,234 wenye uzito uliozidi. Sukari yao ilikuwa imeanza kupanda, lakini walikuwa hawajapata kisukari. Kundi moja lilifundishwa kupunguza chakula na kutembea dakika 150 kwa wiki. Lengo lilikuwa kupunguza kilo 7 kati ya kila kilo 100. Kundi la pili lilipewa dawa iitwayo metformini. Kundi la tatu lilipewa vidonge visivyo na dawa. Walifuatiliwa kwa muda wa karibu miaka mitatu. Matokeo yalitolewa mwaka 2002. Ukilinganisha na kundi la tatu, dawa ilipunguza wagonjwa wapya wa kisukari kwa asilimia 31. Chakula na mazoezi vilipunguza kwa asilimia 58. Sahani na miguu vilikishinda kidonge!

Kilo 6 kati ya 82 ni zaidi ya asilimia 7. Mama yetu amefika lengo lile lile.

MWEZI WA RAMADHANI

Wengi wetu hufunga Ramadhani. Wengine hudhani kufunga peke yake kutawapunguza. Lakini mtu anaweza kufunga kutwa, kisha akafuturu kwa uji wa sukari nyingi, sambusa, kachori, vitumbua na mihogo ya tui zito. Mwezi ukiisha, amenenepa. Funga ni ibada, wala si dawa ya unene. Lakini futari ya kiasi, yenye mboga, samaki na tunda, itakufaa. Baada ya kufuturu na kuswali, tembea kidogo na wenzako. Mwenye kisukari amwone mganga kabla ya kufunga.

WASIOPASWA KUJIPUNGUZA

Soma hapa kwa makini. Ushauri huu si wa kila mtu.

Mama mjamzito na anayenyonyesha wasijinyime chakula. Watoto pia wasinyimwe. Katika nyumba moja anaweza kuwamo mama mnene na mtoto aliyedumaa. Ukipunguza mafuta na ugali katika sahani yako, usipunguze katika sahani ya mtoto. Yeye anahitaji mafuta, maharage, samaki na mayai ili akue.

Mtu mwembamba, au anayetumia dawa za kifua kikuu au UKIMWI, asijipunguze bila ushauri. Anayetumia dawa za kisukari au shinikizo la damu amwone mganga kwanza, wala asiache dawa kwa sababu amepungua. Ukifanya mazoezi na kifua kikabana, au ukaishiwa pumzi, simama na uende kituo cha afya.

Na mtu anayepungua bila kujaribu asifurahi. Akapimwe haraka.

TUSAIDIANE

Ndugu msomaji, jambo la mwisho ni letu sote. Mama yetu alipopungua, majirani walianza kusema, "Anaumwa nini yule?" Maneno hayo humrudisha mtu nyuma. Ukimwona mwenzako amepungua na anatembea kila jioni, usinong'one. Mwulize, "Naweza kwenda nawe?"

Bandu bandu huisha gogo. Leo acha kijiko kimoja cha sukari. Kesho ongeza dakika kumi za kutembea. Mtu ni afya, jana na leo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mama wa mfano hakupungua alipotembea tu?
2. Kwa nini kilo zake zilirudi alipojinyima tu?
3. Katika kijiji chenu, vyakula gani huliwa bila kuhesabiwa?
4. Mnaweza kutembea pamoja wapi, na saa ngapi?
5. Jipimeni kwa uzi. Ni wangapi wanahitaji kwenda zahanati?